Nusu ya Kidonge: Historia ya Dawa Kidogo na Bakteria wa Kinywani

Leo nitakupeleka safari ya zaidi ya miaka 300, lakini usiogope. Tutaanzia hapa hapa Kikambala, na tutarudi hapa hapa.

Nilipokuwa msichana mdogo, jino likiniuma, bibi yangu alinituma dukani na shilingi chache mkononi. Mwenye duka alifungua mkebe akanipa kidonge kimoja cha rangi mbili, upande mwekundu, upande mweusi, kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Bibi alikivuta kikafunguka. Nusu ya unga aliimimina katika tundu la jino langu. Nusu nyingine aliifunga tena katika gazeti lile lile, akaiweka juu ya kabati kwa ajili ya kesho, au kwa ajili ya mjukuu mwingine atakayeumwa. Bibi aliamini amenitibu. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoingia chuo cha uuguzi.

Bibi alinipenda sana, na sisemi haya kumsuta. Alichokosea ni kipimo. Na kosa hilo bado naliona kila wiki nikizunguka nyumba kwa nyumba. Nakuta karatasi ya vidonge imekatwa kwa mkasi: viwili vya mtoto anayekohoa, viwili vya ndugu yake, na vilivyobaki vimo mkobani. Nikiuliza, mama hunijibu kwa upole, "Sista, hata kidogo kitasaidia kidogo."

Mama, jibu la neno hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Antibiotiki kidogo haisaidii kidogo. Inaweza kudhuru sana, na mahali ambapo madhara hayo huanza kimya kimya ni kinywani na kooni mwa mtoto.

Wakazi wa kinywani

Mwaka 1683, katika mji wa Delft huko Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antoni van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari, lakini alikuwa hodari wa kusaga lenzi. Kila asubuhi alisugua meno yake kwa chumvi. Hata hivyo, siku moja alikwangua utando mweupe ulioganda kati ya meno, akautazama kwa lenzi yake. Alishangaa kuona vidudu vingi visivyoonekana kwa macho, vikienda huku na huko. Yeye ni katika watu wa kwanza kabisa kuwaona bakteria.

Akajaribu kuwaua kwa siki. Alisukutua kinywa kwa siki, kisha akatazama tena. Walikuwa hai! Aliamua kwamba siki iliwaua wale wa juu tu wa utando, haikupenya mpaka ndani. Kumbuka jambo hilo, mama. Kabla hata ya dawa za kisasa kuvumbuliwa, mtu mmoja alikwisha kuona kwamba dawa isiyofika ndani kwa nguvu ya kutosha huwaacha wengi salama.

Leo tunajua kwamba katika vinywa vya watu kuna aina zaidi ya 700 za bakteria. Wengi wao ni majirani wema. Wanakaa juu ya ulimi, kwenye fizi na mashavuni bila kumdhuru mtu, na wanawazuia wabaya wasipate mahali pa kukaa. Lakini nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo, hukaa bakteria mwingine ambaye ni ndugu wa hawa wa kinywani. Huyu ndiye nimokoki, bakteria wa nimonia. Hapa Kilifi watafiti wamemkuta kwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5, wengi wao wakiwa wazima wanaocheza. Siku akishuka kifuani, mtoto hupata nimonia. Akiingia katika damu au akafika kwenye ubongo, mtoto hupata maradhi ya damu au homa ya uti wa mgongo.

Shika neno hili: majirani wa kinywani na bakteria wa nimonia ni ndugu, na nyumba zao zinapakana.

Mwaka mmoja, mji mmoja, habari mbili

Mwaka 1928, katika mji wa London, Uingereza, madaktari wawili waliona mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyaunganisha.

Wa kwanza ni Frederick Griffith. Alichukua bakteria wa nimonia wasio na madhara, akawachanganya na wabaya ambao alikwisha kuwaua kwa joto, kisha akawadunga panya. Panya wakafa. Wale wapole walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti za wabaya, wakageuka kuwa wabaya wenyewe. Baadaye ilijulikana kwamba walichookota ni chembe za urithi, yaani yale maagizo yanayokieleza kila kiumbe kiweje. Kwa maneno mengine, bakteria hawa wanaweza kuazimana silaha.

Wa pili ni Alexander Fleming wa hospitali ya St Mary's. Mwezi wa Septemba aliona ukungu umeota katika kisahani chake, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini, ambayo ni mama wa antibiotiki nyingi tunazotumia hospitalini.

Ilichukua miaka mingi kupata penisilini ya kutosha. Mwezi wa Februari 1941, madaktari wa Oxford walimpa polisi mmoja aliyekuwa amevimba uso na kuoza kwa usaha. Kwa siku chache akapata nafuu, homa ikashuka, akala chakula. Lakini dawa ikaisha. Walijaribu hata kuichuja kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie. Haikutosha. Bakteria waliobaki walisimama tena, na mwezi wa Machi polisi yule akafariki. Mama, nafuu si kupona. Mtoto anaweza kucheza siku ya pili, na adui bado yumo.

Onyo la Fleming

Mwaka 1945 Fleming alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, wale waliofanya penisilini iwe dawa. Tarehe 11 Desemba, akiwa Stockholm, alitoa hotuba. Badala ya kujisifu tu, alitoa mfano wa mtu anayeumwa koo. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe na kunywa kiasi kisichotosha kuwaua bakteria, ila kinatosha kuwafundisha kuistahimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, na mke anafariki. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, akajibu mwenyewe: ni mume aliyeichezea dawa.

Angalia, mama, hadithi yake ilianzia kooni. Na aliyekufa si yule aliyekunywa dawa kidogo. Ni mtu wa nyumbani kwake.

Watu hawakumsikiliza upesi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 penisilini ilitiwa katika peremende za kumumunya na hata katika dawa ya meno. Ilikuwa dawa kidogo kidogo, ikizunguka kinywani pamoja na mate, ikimgusa kila bakteria bila kummaliza. Mwaka 1947 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia penisilini isiuzwe ovyo bila cheti cha daktari.

Madaktari walijifunza pia kutoka kwa watoto waliokuwa wakipewa penisilini kwa muda mrefu ili kuzuia homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu moyo. Vinywani mwa baadhi yao waliota bakteria sugu, wasioisikia penisilini. Ikiwa mtoto wako anadungwa sindano hiyo kila mwezi, tafadhali usiiache, kwa maana inaulinda moyo wake. Mwambie tu daktari wa meno kabla hajagusa jino, ili achague dawa nyingine ikihitajika. Na wewe unayekunywa Septrin kila siku kwa ushauri wa kliniki, endelea vile vile. Dawa iliyopangwa na kufuatwa na wahudumu ina sababu yake. Ninayoisema leo ni ile tunayojipimia wenyewe.

Silaha ya kuazima

Sasa rudi kwa wale ndugu wawili, wa kinywani na wa nimonia.

Kwa zaidi ya miaka 20 penisilini ilimshinda bakteria wa nimonia bila taabu. Kisha mwaka 1967 ikatoka habari Australia kwamba amepatikana mmoja aliyeanza kuwa sugu. Mwaka 1977 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wakaeleza habari za watoto wagonjwa ambao bakteria wao hawakuisikia penisilini. Aliupata wapi ukaidi huo?

Jibu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Watafiti, miongoni mwao Brian Spratt wa Uingereza, walichunguza chembe za urithi za bakteria sugu wa nimonia. Walikuta zimeungwa viraka kama kanga kuukuu. Baadhi ya viraka havikuwa vyake. Vilitoka kwa ndugu zake wapole wanaokaa kinywani na kooni. Kile alichokiona Griffith kwa panya mwaka 1928 kilikuwa kikitendeka ndani ya watu.

Fikiria shamba lako la mahindi. Ukipalilia juu juu, magugu laini yanang'oka, lakini ndago inabaki na mizizi yake. Baada ya wiki mbili shamba lote ni ndago. Dawa kidogo hufanya hivyo kinywani. Inawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wagumu. Wagumu wanazaana. Na siku bakteria wa nimonia anapopita, anaokota ugumu huo kwa jirani yake. Kwa hiyo nusu ya kidonge niliyomiminiwa katika jino haikuishia katika jino. Iliyeyuka katika mate, ikaenda ulimini na kooni, ikipalilia juu juu.

Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 941 wa miaka 3 hadi 6. Watoto waliokuwa wamepewa antibiotiki za jamii ya penisilini kwa kipimo cha chini kuliko inavyotakiwa, na wale waliopewa kwa siku nyingi, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kubeba bakteria sugu wa nimonia. Mwaka 2001 ikaja habari ya faraja kutoka Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika. Watoto 795 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa amoksilini ya kipimo kikubwa kwa siku 5, kundi la pili kipimo kidogo kwa siku 10. Baada ya wiki nne, waliobeba bakteria wasioisikia penisilini vizuri walikuwa 24 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, na 32 kwa kila 100 katika kundi la pili. Maana yake, kipimo kamili kwa siku zilizopangwa ni bora kuliko kudonoadonoa dawa kwa muda mrefu.

Habari ya Kilifi

Huenda ukasema hayo ni ya Ulaya na Amerika. Basi panda matatu hapa Kikambala, upite Vipingo, uvuke daraja, ushuke Kilifi mjini. Tangu mwaka 1989, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Kati ya mwaka 1998 na 2002, damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa pale ilichunguzwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Katika watoto wachanga wa chini ya siku 60, karibu 13 kwa kila 100 walikuwa na bakteria katika damu. Katika wakubwa zaidi ya hapo walikuwa karibu 6 kwa kila 100. Na katika vifo vya watoto hospitalini humo, kama robo hivi vilihusiana na bakteria hao wa damuni. Bakteria wa nimonia alikuwa miongoni mwa walioongoza.

Hao ni watoto wetu, wa vijiji vyetu. Mtoto wa namna hiyo akifika hospitali, muuguzi anategemea sindano moja au mbili zifanye kazi usiku ule ule. Dawa ikikataa, muda wa kujaribu nyingine huwa mfupi mno. Ndiyo maana kidonge unachokikata nyumbani kinamhusu hata mtoto wa jirani.

Lakini Kilifi ina habari njema pia. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia, na hapa Kilifi hata watoto wakubwa wa chini ya miaka 5 walichanjwa. Kabla ya chanjo, watoto 34 kwa kila 100 wa umri huo walibeba aina za bakteria zinazolengwa na chanjo. Baada ya muda mfupi walishuka wakawa 13 kwa kila 100. Na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba maradhi makali ya aina hizo kwa watoto wa chini ya miaka 5 yamepungua kwa asilimia 92. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na bakteria asiyekutana na dawa hafundishwi ukaidi.

Vita bado havijaisha. Mwaka 2019 peke yake, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya bakteria sugu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Turudi nyumbani

Nami nikiri mbele yako. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi tisa, aliandikiwa dawa ya maji ya siku 5. Siku ya tatu alikuwa anacheka na kutambaa. Nikaacha. Chupa nikaiweka rafuni, na baada ya miezi miwili alipopata mafua nikamnywesha ile ile. Nilikuwa na diploma ya uuguzi ukutani! Kwa hiyo sikufundishi kutoka juu. Mazoea yana nguvu, na pesa ni chache. Lakini mambo haya yako mikononi mwetu:

Mafua na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, mpe vinywaji vya uvuguvugu ikiwa amepita miezi 6, na umwangalie anavyopumua.

Mpeleke kituo cha afya mara moja akipumua haraka. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Mkimbize pia akibonyea kifuani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege.

Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Usimgawie ndugu yake, hata wakiugua pamoja. Kila mtoto na dozi yake.

Ukipewa dawa ya unga, ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, usizidishe. Maji yakizidi, umeshapunguza kipimo bila kujua. Pima kwa kijiko au bomba ulilopewa, si kijiko cha chai.

Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena kipimo hicho. Endelea kwa siku zote ulizoandikiwa, hata akipata nafuu. Ikibaki, usiiweke kwa ajili ya siku nyingine. Irudishe kituoni au kwenye duka la dawa.

Pesa zikiwa hazitoshi dozi nzima, usinunue nusu ukanyamaza. Sema. Muuguzi au mwenye duka la dawa akijua, anaweza kukuelekeza panapopatikana dawa nafuu au ya bure.

Jino lililotoboka haliponi kwa unga wa kidonge. Litazibwa au litang'olewa na daktari wa meno. Kabla ya kufika huko, msugulie mtoto meno asubuhi na usiku kwa mswaki na dawa ya meno yenye floraidi. Mchanga asiye na meno, mfute fizi kwa kitambaa safi chenye maji.

Na chanjo ya nimonia, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, usiiruke hata moja.

Bibi yangu aliishi kuniona nimevaa sare ya uuguzi. Siku moja nilimweleza habari ya nusu ya kidonge. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, tulifanya kwa tulichokijua." Kweli kabisa. Nasi leo tumejua zaidi, na tufanye zaidi.

Jioni ya leo, mama, fungua kabati lako. Tazama kama kuna nusu ya dozi inayongoja mtoto augue. Ukiipata, ije nayo kliniki. Mazungumzo yajayo tutaendelea. Kwaheri ya kuonana.